Ijue hendeli ya Land Rover: huwasha injini, pia huvunja mkono

UKISIMAMA mbele ya Land Rover ya zamani na kuinama kidogo, utaona tundu la duara katikati ya bampa. Halikuwekwa kwa urembo, wala si la kufungia kamba ya kuvutia gari. Ni njia ya kupitishia hendeli, chuma kilichopindwa mara mbili ambacho dereva alikitumia kuizungusha injini kwa nguvu za mkono pale betri ilipokataa kupiga stata.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa umma Aprili 30, 1948, katika maonesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, hendeli ilihesabiwa miongoni mwa vifaa vya gari hilo, pamoja na jeki na spana ya magurudumu. Utengenezaji wa Series III, toleo la mwisho la ukoo huo wa zamani, ulikoma mwaka 1985.

Magari hayo hayajaisha barabarani. Oktoba 2024 wamiliki wa Land Rover za kila umri walikusanyika Arusha kwa tamasha lao, na mijini wapo wanaozinunua zile kuukuu na kuzifufua kwa mapenzi tu. Tatizo ni kwamba gari la mapenzi huendeshwa mara chache, na gari linaloendeshwa mara chache huishiwa betri. Hapo ndipo mwenye gari hukumbuka chuma kilicholala nyuma ya viti. Aliyemuuzia huenda hakumweleza namna ya kukishika.

Kwa nini injini hurudi nyuma

Kabla ya stata ya umeme, iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kettering na kufungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kuwasha gari kwa mkono lilikuwa jambo la kila siku. Majeruhi walikuwa wengi kiasi kwamba madaktari waliupa mvunjiko mmoja jina la dereva. Ni ule wa ncha ya mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, pale unapokutana na kifundo cha mkono. Jina hilo limo katika vitabu vya tiba ya mifupa hadi leo, ingawa wanaoumia hivyo sasa wengi hawajawahi hata kuiona hendeli.

Chanzo cha majeraha hayo ni muda wa cheche. Petroli iliyochanganyika na hewa haiungui yote kwa mara moja, bali huchukua muda mfupi sana kuwaka. Kwa sababu hiyo, injini inapokimbia, plagi hutoa cheche mapema kidogo, kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili msukumo mkubwa uikute ikiwa imeanza kushuka. Mkono wa binadamu hauwezi kuizungusha injini kwa kasi hiyo. Cheche ikija mapema mno wakati injini inazunguka polepole, mlipuko huikuta pistoni ingali inapanda na kuirudisha ilikotoka. Injini huzunguka kinyumenyume.

Sasa tazama jinsi hendeli inavyoshikana na injini. Ncha yake ina pini inayoingia katika meno ya nati kubwa iliyofungwa mbele ya kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Meno hayo yamechongwa mteremko upande mmoja. Injini ikiwaka na kuupita mkono kwa kasi, mteremko huisukuma hendeli nje, nayo hubaki huru mkononi mwa dereva. Lakini injini ikirudi nyuma, pini hukutana na upande wa meno usio na mteremko, na haina pa kutokea. Hendeli hurudi pamoja na injini, kwa nguvu zote za silinda iliyolipuka.

Madereva wa magari ya zamani zaidi, mathalani Ford Model T, walikuwa na wenzo karibu na usukani wa kuicheleweshea plagi cheche kabla ya kuwasha. Land Rover haina wenzo huo. Distribyuta yake ina vyuma vidogo vinavyotanuka kadiri kasi inavyoongezeka, navyo huiwahisha cheche vyenyewe. Ni ufundi mzuri, ila una maana kwamba dereva hana cha kurekebisha akiwa njiani. Taimingi iliyofungwa vibaya gereji humsubiri palepale. Anayepiga stata anaweza kulibeba kosa hilo kwa miezi bila kulijua. Anayepiga hendeli hulijua siku hiyohiyo.

Namna ya kuipiga

Jambo la kwanza ni gia, na ndilo linalosahauliwa kwa urahisi zaidi. Injini ikiwaka gari likiwa kwenye gia, litamfuata aliyesimama mbele yake. Weka gia huru, vuta handbreki, kisha weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya gurudumu. Jiwe ni la lazima, kwa kuwa handbreki ya Land Rover hizi haikamati magurudumu yenyewe. Hukamata mhimili unaotoka nyuma ya gia boksi, na gurudumu moja likiwa limeinuliwa kwa jeki, gari linaweza kusogea ingawa handbreki imevutwa. Aidha, usipige hendeli ukiwa na ukuta au gari jingine mgongoni. Mwenye kanzu, tai au mgolole auweke kando kwanza.

Swichi ikiwa bado imefungwa, vuta choki na uizungushe injini taratibu mara kadhaa. Mizunguko hiyo huvuta petroli kuingia katika silinda, na hukufundisha mahali penye uzito. Injini ya silinda nne hufikisha silinda moja kwenye mgandamizo kila nusu mzunguko, hivyo utahisi hendeli ikiwa nyepesi, kisha nzito, kisha nyepesi tena. Gari likiwa limekaa muda mrefu, kabureta huwa kavu. Pampu ya petroli ya injini ya lita 2.25 iliyoanza kufungwa mwaka 1958 ina kijiti kidogo cha kupampu kwa mkono, nacho hukuokolea jasho jingi.

Baada ya hapo ndipo unafungua swichi. Ukilitazama gari kwa mbele, hendeli huzunguka kama mishale ya saa. Iache ianzie chini, pale uzito wa mgandamizo unapoanza, kisha uivute juu kwa mkupuo mmoja, ikipita upande wako wa kushoto. Kidole gumba kilale upande uleule wa vidole vingine, kisizunguke chuma kama unavyoshika jembe. Injini ikirudi nyuma wakati unavuta juu, hendeli hushuka na kuchomoka katika vidole vilivyokunjwa kama ndoano, na utabaki na mshtuko tu. Kidole gumba kikiwa kimeifunga ngumi, mkono huenda nayo.

Usiisukume hendeli kwenda chini hata kama ni rahisi zaidi kwa sababu uzito wa mwili unasaidia. Hapo mkono huwa umenyooka, na hendeli ikirudi hupanda moja kwa moja kwenye kiganja. Wala usiizungushe mfululizo kama anayeteka maji kisimani. Mvuto mfupi wa ghafla hutosha, na injini nzuri ya petroli huitikia kwa mvuto mmoja au miwili. Mtu mwembamba mwenye wepesi huiwasha kuliko pandikizi la mtu anayeivuta polepole.

Ikishindikana baada ya mivuto mitano au sita, funga swichi na ufungue boneti. Petroli iliyozidi hulowanisha plagi, unyevu huingia katika distribyuta, na platini zilizochakaa hazitoi cheche ya maana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa kwa kuongeza nguvu.

Isipofaa

Hendeli haichukui nafasi ya betri yote. Cheche ya Land Rover hutoka katika koili, na koili hulishwa na betri, kwani kwa mwendo wa mkono dainamo au alteneta haizalishi umeme wa kutosha. Betri iliyokufa kabisa itakuacha ukitokwa na jasho bure. Lakini betri iliyodhoofu ni habari nyingine. Stata hudai zaidi ya ampea 100, wakati koili huridhika na chache tu, hivyo betri isiyoweza hata kuitikisa stata inaweza bado kutoa cheche safi. Kwa kweli, cheche ya hendeli mara nyingi ni kali kuliko ya stata, maana hakuna kinachonyang'anyana nayo umeme.

Wenye injini ya dizeli wasahau habari hii. Dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na mgandamizo wake katika Land Rover hizo ni zaidi ya mara 20, ukilinganisha na mara saba au nane kwa petroli. Mkono hauwezi kuipa kasi inayohitajika.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi bora ya hendeli siku hizi si kuwasha gari. Ni kumwezesha fundi kuizungusha injini kidogokidogo anaporekebisha nafasi za valvu au platini, bila kuhitaji mtu wa kukaa ndani na kugusa stata. Mwenye mkono mzoefu huweza pia kuitambua silinda dhaifu. Ukizungusha taratibu na kukuta kati ya mizigo minne mmoja ni mwepesi, valvu haifungi au pete za pistoni zimekwisha.

Anayekusudia kununua Land Rover ya namna hii aingize hendeli tundu lote hadi ishike kabla ya kutoa fedha. Magari mengi yamefungwa winchi au bampa kubwa lililoziba njia, na mengine nati yake ya meno iling'olewa zamani, ikawekwa bolti ya kawaida. Hendeli ya gari hilo itabaki kuwa ya kufukuzia mbwa.