Kweli au Uongo: Sanaa Shuleni, Kuanzia Njia Panda ya Mkiwa

Pale Mkiwa, barabara ya Itigi inapoikuta ile ya Manyoni–Singida, wazazi wana maneno yaleyale yanayosemwa nchi nzima kuhusu kipindi cha Sanaa na Michezo.

"Ni somo jipya, limeletwa na mtaala wa 2024."

Uongo. Jina ndilo jipya. Uchoraji, ufinyanzi na muziki vilikuwamo ndani ya Stadi za Kazi. Na nyuma zaidi, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alichora wanakijiji wakiwa kazini, akafundisha hukohuko, kisha baada ya Uhuru akatuwakilisha London kama balozi. Mchoraji huyo!

"Sanaa haina mtihani."

Nusu kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoliua somo. Kidato cha nne NECTA inao mtihani wa uchoraji, ila mtahiniwa anahitaji shule yenye mwalimu wa somo hilo. Darasa la saba hakuna karatasi ya kuchora. Stadi za Kazi imebanwa pamoja na Maarifa ya Jamii, na kazi ya mikono inapimwa kwa maswali ya kuandika. Mwalimu mkuu anayeulizwa ufaulu tu hukitoa kipindi cha sanaa kwa Hisabati. Simlaumu sana. Mitaala imebadilika, swali analoulizwa halijabadilika.

"Bila rangi maalumu za wachoraji hakuna somo."

Uongo. Mkoa wa jirani, Dodoma, michoro ya miamba ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilichorwa zaidi kwa udongo mwekundu. Edward Saidi Tingatinga naye, alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia mbao za dari na rangi ya mafuta. Kilicho adimu ni mwalimu aliyesomea sanaa.

"Ni somo la wenye kipaji."

Uongo. Nani humsubiri mtoto aonyeshe kipaji cha hesabu ndipo afundishwe kujumlisha?

"Mtaala mpya utamaliza shida."

Mapema mno. Walioingia darasa la tatu 2024 wanamaliza msingi darasa la sita, 2027, mwaka uleule wa darasa la saba la mwisho. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Shule yenye chumba cha kuchorea, nadhani, itakijaza madawati kabla ya kingine chochote.