Je, Wajua? Kukesha Hupunguza Homoni ya Kiume

Je, wajua kwamba kupata saa 5 tu za usingizi kila usiku, kwa wiki moja, kunaweza kushusha homoni ya kiume kwa asilimia 10 hadi 15? Ndivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walivyobaini mwaka 2011 walipowapima vijana 10 wenye afya njema. Ni kinaya, maana kwenye vituo vya bodaboda mjini Kakamega, kama kwingineko, anayejigamba kuwa hakulala ndiye dume, na aliyelala mapema huchekwa. Kumbe homoni hiyo inayojenga misuli na kuchochea hamu ya tendo la ndoa hupanda mtu akiwa usingizini.

Atakayesema vijana 10 ni wachache hajakosea. Utafiti mmoja haufungi kesi. Lakini barabara nayo ina ushahidi wake. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa 1997 ulionyesha kuwa baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wa mtu hushuka kama wa mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Mwendesha bodaboda aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hufika hapo saa nne usiku, akiwa bado anangoja abiria wa mwisho wa Shinyalu. Wapo watakaouliza mkopo wa pikipiki utalipwa na nani. Swali la haki. Ila huo ni uhitaji, si uanaume, na tusivichanganye. Mwenye deni tumwelewe. Asiye na sababu ila sifa, aende akalale.