Bwana Anayesema: Rekodi za Milima na Mito ya Andes

Maneno saba ya Kikechua yatakutosha kuanza kuisoma ramani ya Andes. Mayu ni mto. Urqu ni mlima. Raju ni mlima wenye theluji ya kudumu. Qucha ni ziwa, yaku ni maji, rumi ni jiwe. La saba ni apu, yaani bwana, mwenye enzi, na hilo ndilo wenyeji wanaloitia milima yao mikubwa. Mlima ndiye mkubwa wa eneo lake: hutoa maji, hulinda mifugo, na akikosewa hukasirika. Lugha yenyewe ina mamilioni ya wasemaji, kuanzia kusini mwa Kolombia hadi kaskazini mwa Argentina. Peru iliifanya lugha rasmi mwaka 1975. Ekuador huiita Kichwa, na Mswahili akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza lazima ageuke.

Tahajia isikutishe. Wahispania waliyaandika majina haya kwa masikio yao, wakayajaza h na c. Huascarán husomwa Waskaran, na tahajia ya leo ya Kikechua huliandika hivyo hivyo.

Rekodi za dunia huwa zinatajwa kwa mita na kilomita, zikaishia hapo. Naona tunapoteza kitu kikubwa, maana katika Andes jina mara nyingi lilishasema jambo kabla mpimaji hajafika na vyombo vyake.

Kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia

Chimborazo, mlima mrefu kuliko yote nchini Ekuador, una mita 6,263. Ukipimwa kutoka usawa wa bahari, Everest unaupita kwa zaidi ya kilomita mbili na nusu. Lakini dunia yetu haikuviringana sawasawa, imetuna kiunoni. Kutoka kitovu chake hadi ikweta ni mbali zaidi, kwa kama kilomita 21, kuliko kutoka kitovu hadi kwenye ncha. Chimborazo umekaa nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta, juu ya tumbo lenyewe. Basi kilele chake kiko kilomita 6,384.4 kutoka kitovu cha dunia, na cha Everest kiko kilomita 6,382.3. Hakuna mahali pengine ardhini palipo mbali zaidi na kitovu. Kwa hesabu hiyo hiyo Kilimanjaro nao, ulio nyuzi tatu kusini mwa ikweta, unaupita Everest kwa zaidi ya kilomita moja. Jambo hili lingestahili kufundishwa katika kila darasa la jiografia la Afrika Mashariki.

Asili ya jina Chimborazo inabishaniwa, ila wengi huuona mkia wake, razo, kuwa ni lile lile raju, theluji. Mwaka 1802 mwanasayansi Alexander von Humboldt aliupanda akiamini ni mlima mrefu kuliko yote duniani, ila kilele hakukifikia. Mpanda milima Edward Whymper alikifikia mwaka 1880. Mimi anayenigusa zaidi ni Baltazar Ushca, mwenyeji wa mlimani, aliyefariki mwaka 2024. Kwa miongo mingi alipanda hadi kwenye barafu, akaikata kwa sururu na shoka, akaifunga kwa majani, akaipakia punda na kuishusha hadi sokoni Riobamba, ambako wauza juisi waliinunua. Alijulikana kama mkata barafu wa mwisho wa Chimborazo. Friji na viwanda vya barafu vilikuwa vimeshaimaliza kazi hiyo kwa wenzake wote.

Waskaran, mwenye rekodi tatu

Huascarán wa Peru, mita 6,768, ndio mlima mrefu kuliko yote katika ukanda wa tropiki. Una vilele viwili. Kile cha kaskazini kilipandwa kwanza mwaka 1908 na Annie Peck, Mmarekani aliyekuwa na umri wa miaka 57, akiwa na waongozaji wawili wa Uswisi. Peck aliamini amevunja rekodi ya urefu kwa wanawake. Mpinzani wake Fanny Bullock Workman akatoa fedha zake mwenyewe kuwatuma wapimaji Peru, na vipimo vyao vikaonyesha kuwa kilele kile ni kifupi kuliko Peck alivyodhani.

Rekodi ya pili haionekani kwa macho. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, walitoa ramani ya nguvu ya mvutano wa dunia, na mahali penye mvutano mdogo kuliko pote pakawa Huascarán: mita 9.7639 kwa sekunde kwa sekunde. Mtu wa kilo 70 akisimama pale kwenye mizani ya springi, ataonekana mwepesi kwa karibu nusu kilo kuliko akisimama karibu na ncha ya kaskazini.

Ya tatu ni ya msiba. Tarehe 10 Januari 1962 barafu ilimeguka kutoka kilele cha kaskazini ikaua maelfu ya watu huko Ranrahirca. Mji wa jirani, Yungay, ukanusurika. Miaka minane baadaye, Jumapili ya tarehe 31 Mei 1970, tetemeko la ardhi liliutikisa ukanda ule wote mchana, na kilele kile kile kikaachia barafu, mawe na tope kwa pamoja. Ndani ya dakika chache Yungay ikafukiwa. Ndilo poromoko la barafu lililoua watu wengi kuliko yote yanayojulikana. Waliopona walikuwa wachache: waliokimbilia kilima cha makaburi, penye sanamu kubwa ya Kristo, na watoto waliokuwa wamekwenda kutazama sarakasi pembeni mwa mji. Miti michache ya jamii ya mnazi ya uwanja wa kati ilibaki imechomoza juu ya tope. Mji mpya ulijengwa kando, na ule wa zamani umeachwa ulivyo, kaburi moja kubwa lililopandwa maua ya waridi. Nikisoma habari za Huascarán katika vitabu vya wapanda milima, nikakuta zimejaa kamba na viatu vya miba bila jina la Yungay, huwa naona kitabu hakijakamilika.

Mlima wenye jina la mto

Katika safu moja na Huascarán umo Alpamayo, mita 5,947. Kwa urefu hauna cha kujivunia mbele ya majirani zake, ila mwaka 1966 jarida moja la Kijerumani la wapanda milima liliutangaza kuwa mlima mzuri kuliko yote duniani, na sifa hiyo haijatoka midomoni mwa watu. Ni kama piramidi la barafu lenye mifereji iliyochongwa na upepo. Na jina? Allpa ni udongo, mayu ni mto: mto wa udongo. Mlima umepokea jina la maji yanayotiririka chini yake.

Maji ya uongo

Aconcagua, mita 6,961, ndio mrefu kuliko yote nje ya Asia. Jina lake linadaiwa na lugha zaidi ya moja, Kikechua kikiwamo, na kesi haijaisha. Mimi napita haraka hapo nifike Llullaillaco, volkano ya mita 6,739 mpakani mwa Chile na Argentina, kando ya jangwa la Atacama. Llulla ni uongo, yaku ni maji. Maji ya uongo. Aliyelitia jina hili aliijua kiu ya nchi ile.

Mwaka 1999 wanaakiolojia Johan Reinhard na Constanza Ceruti na wenzao walifukua karibu na kilele hicho miili ya watoto watatu, msichana mmoja mkubwa na wadogo wawili, iliyogandishwa na baridi kwa miaka kama 500. Walitolewa kafara katika ibada ya dola la Inka. Hapo ndipo mahali pa akiolojia palipo juu kuliko pote duniani. Hebu fikiri: watu wenye nguo za sufu na ndala walifika kwenye hewa nyembamba kiasi hicho, wakajenga kuta za mawe, karne kadhaa kabla Mzungu wa kwanza hajafikia urefu kama huo kwa miguu. Watoto hao sasa wamo katika jumba la makumbusho mjini Salta. Wapo wenyeji wanaolalamika kwamba hapakuwa mahali pa kuwaweka, na mimi nawaunga mkono. Waliopelekwa kwa mlima ni wa mlima.

Mlima mzuri

Sumaq Urqu maana yake ni mlima mzuri. Wahispania waliuita Cerro Rico, mlima tajiri, na tofauti ya majina hayo mawili inaeleza yote yaliyofuata. Fedha ilivumbuliwa hapo Potosí, Bolivia, mwaka 1545, na kwa miongo mingi hakuna mgodi uliotoa fedha nyingi kama huo. Mji uliota penye urefu wa mita 4,000, ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia ya karne ya 17. Wainka walikuwa na utaratibu wa mit'a, yaani zamu ya kazi za jumuiya. Mtawala wa Kihispania Francisco de Toledo aliugeuza kuwa kazi ya kulazimishwa shimoni, na wanaume wa vijiji vya mbali wakaletwa kwa zamu, wengi wasirudi. Fedha ile ilizunguka dunia kwa sarafu iitwayo real. Neno riale la pwani yetu, lililopitia Kiarabu, limetoka hapo. Leo mlima umetobolewa kiasi kwamba kilele kinadidimia, na bado wachimbaji wanaingia.

Rekodi inayoshindaniwa kwa kupungua

Kwa miaka mingi Quelccaya, kusini mwa Peru, ilikuwa kofia ya barafu kubwa kuliko zote katika tropiki. Mtafiti wa barafu Lonnie Thompson alitoboa barafu yake mwaka 1983 akasoma matabaka ya mwaka hadi mwaka, ya mvua na ukame, yanayorudi nyuma karne 15. Kazi hiyo hiyo aliileta Kilimanjaro mwaka 2000. Baadaye, ukingoni mwa Quelccaya, barafu iliporudi nyuma ilifichua mimea iliyofunikwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ikiwa bado na majani. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ukasema taji sasa limehamia Coropuna, volkano ya mita 6,377. Coropuna haikukua hata kidogo. Inayeyuka polepole kuliko mwenzake, basi.

Si mbali na Quelccaya, chini ya mlima Qullqipunku, mlango wa fedha, maelfu ya mahujaji hukusanyika kila mwaka kwa ajili ya Quyllur Rit'i, theluji ya nyota. Wachezaji waitwao ukuku, waliovaa kama dubu, walikuwa wakipanda usiku kwenye barafu na kushuka alfajiri na mapande mgongoni, dawa ya kupeleka nyumbani. Desturi hiyo imesimamishwa. Wenyewe ndio walioamua, walipoona barafu ya apu inakwisha.

Mto unaosema

Apu rimaq ni bwana anayesema. Ndio Apurímac, unaonguruma kwenye makorongo yenye kina cha kilomita na zaidi, na Wainka walikuja ukingoni mwake kuuliza mambo ya kesho. Rímac, mto mdogo unaoshuka pwani, una kitenzi hicho hicho: msemaji. Watu wa pwani waliitamka r kama l, jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalifahamu vizuri, Wahispania wakalikamata hivyo, na mji mkuu wa Peru ukaitwa Lima.

Mwaka 1971 mpiga picha Loren McIntyre alifika kwenye miteremko ya mlima Mismi, mita 5,597, akaonyesha kuwa hapo ndipo Apurímac inapoanza, na kwamba ndicho chanzo cha mbali zaidi cha Amazon, mto wenye maji mengi kuliko yote duniani. Mwaka 2014 watafiti wengine walisema mto Mantaro ndio unaoanzia mbali zaidi, kwa tofauti ya makumi ya kilomita. Wapinzani wakajibu kuwa bwawa la umeme huikausha Mantaro sehemu ya mwaka. Wapo pia wanaodai kuwa Amazon imeupita Nile kwa urefu, na ubishi huo unafika mpaka Rutovu, Burundi, kwenye piramidi dogo linaloonyesha chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Kila kijito kinachoongezwa upande mmoja huchochea hesabu upande wa pili.

Mbali na hesabu hizo, juu ya Apurímac lipo daraja la Q'eswachaka, daraja la kamba, la mwisho la namna yake kutoka enzi za Inka. Lina urefu wa mita kama 28, na lote ni nyasi. Kila Juni vijiji vya kando mbili hukusanyika. Kwanza apu huombwa ruhusa. Kisha nyasi husokotwa kuwa kamba nyembamba, nyembamba zikawa nene, nene zikavutwa ng'ambo, na kwa siku tatu daraja jipya hukamilika. La zamani hukatwa likaanguka mtoni. Mwaka 2020 korona ilizuia kazi. Machi 2021 daraja likakatika lenyewe, na Juni hiyo watu wa kijiji cha Huinchiri na jirani zao wakarudi ukingoni, wakaanza tena na uzi wa kwanza wa nyasi.