Figo kwa Aishiye na Virusi vya Ukimwi

Yeyote aliyepata kukaa na mgonjwa wa figo katika hospitali ya rufaa ya Msambweni, kaunti ya Kwale, mashine ikimsafisha damu kwa muda wa saa nne, atakuwa ameuona ule mshipa wa mkono uliounganishwa na tabibu, umetutumka chini ya ngozi, ambao ukiugusa kwa kidole wausikia ukitetema kwa mbio za damu. Mgonjwa huyo huirudia mashine, aghalabu mara mbili kwa juma, mpaka apandikizwe figo ya mtu mwingine. Na ikiwa pia anaishi na virusi vya Ukimwi, hawakosi jamaa wa kumwambia kuwa kupandikizwa figo kwake ni muhali.

Dhana hiyo ina asili yake, kwani aliyepandikizwa sharti anywe dawa za kuupunguza ulinzi wa mwili usije ukaikataa figo ngeni, na matabibu wa zamani waliona ni dhuluma kumdhoofisha aliyekwisha dhoofishwa na virusi. Walakini dawa za kufubaza virusi ziliigeuza hesabu: mwaka 2010 ilitangazwa Marekani habari ya wagonjwa 150 wenye virusi waliopewa figo, na baada ya miaka mitatu asilimia 88 walikuwa hai, ijapokuwa miili yao iliikataa figo mara nyingi kuliko ya wengine. Na huku Afrika, Dkt. Elmi Muller, akiwa katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alikwisha kuanza mwaka 2008 kuwapandikiza wenye virusi figo za maiti waliokuwa na virusi vilevile, figo ambazo kabla yake zilizikwa bure.

Uzito umebaki katika kuchanganya dawa. Ritonaviri, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi, hulizuia ini lisiivunje takrolimasi, dawa ya kuupunguza ulinzi wa mwili, hata dawa ambayo aliyepandikizwa mwingine huinywa mara mbili kwa siku, anywaye ritonaviri hutosheka na kipimo kidogo tu kwa juma zima. Dolutegraviri, nayo dawa ya kufubaza virusi iliyomo katika kidonge cha kila siku cha wagonjwa wengi wa Kwale, haina ugomvi huo, ila tenofoviri iliyo ndani ya kidonge hichohicho yaweza kuidhuru figo.

Kwa Mkenya, figo aghalabu hutoka kwa ndugu aliye hai, jambo ambalo baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lililihalalisha Jeddah mwaka 1988 kwa sharti isiuzwe. Ndugu huyo naye hupimwa virusi, na akionekana hafai, sababu ni siri yake na tabibu. Mgonjwa mwenyewe hana haki ya kuelezwa.