Kinga ya Miguu Porini na Shambani: Je, Gaita Zinafaa?

Mvua zinapoanza Kilifi, nyasi hurefuka na njia za kwenda shambani, malishoni na kisimani hufunikwa. Hapo ndipo wengi hukanyaga wasipopaona, mara nyingi wakiwa na ndara au akala.

Wageni wanaotembelea Msitu wa Arabuko-Sokoke huonekana wamevaa gaita. Hizi ni kinga za kitambaa kizito zinazofunika mguu kuanzia juu ya kiatu hadi chini ya goti, na hufungwa kwa mkanda unaopita chini ya soli. Katika nchi nyingine huvaliwa pia na wawindaji. Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini mfugaji, mkulima na mtafuta kuni hupita kwenye vichaka vilevile. Je, nao wazinunue?

Gaita husaidia nini?

Gaita za kawaida huzuia miiba, upupu, matope na mawe madogo kuingia kiatuni. Pia hupunguza kupe, ambao hungoja kwenye majani na kumdandia mpitanjia. Kwa kazi hizo, zinafaa.

Kwa nyoka, mambo ni tofauti. Watu wengi wanaoumwa na nyoka huumwa kwenye wayo, kifundo cha mguu au sehemu iliyo chini ya goti. Bafe, ambaye pia huitwa kifutu, hakimbii anaposikia vishindo. Hulala kimya akifanana na majani makavu, na humuuma anayemkanyaga. Meno yake ni marefu na hupenya kitambaa chepesi. Zipo gaita maalumu zilizotengenezwa kuzuia meno ya nyoka, lakini bei yake ni kubwa. Tena hazifuniki wayo: ukizivaa na ndara, bado hujajikinga.

Ufanye nini bila gharama kubwa?

• Vaa gambuti zenye nafasi ndani, zisizobana mguu. Haziondoi hatari yote, lakini nafasi kati ya mpira na ngozi hupunguza uwezekano wa meno kukufikia.
• Kabla ya kuvaa, zikung'ute. Nge na nyoka hupenda kujificha ndani.
• Kama huna gambuti, vaa viatu vilivyofungika na suruali ndefu pana. Kuzuia kupe, ingiza suruali ndani ya soksi.
• Tembea na fimbo, upige nyasi mbele yako. Usiku beba tochi, hata ukienda chooni tu.
• Usiingize mkono kwenye shimo, kichuguu au rundo la kuni usiloliona vizuri.

Kwa hivyo, anayeongoza watalii au kutembea msituni kila siku atafaidika na gaita. Kwa familia nyingi, pesa za kwanza zinunue gambuti na tochi. Watoto wanaochunga mbuzi wasisahauliwe, kwa kuwa ndio hutembea pekupeku zaidi.

Ukiumwa

Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Kuchelewa kupata matibabu kunaweza kumfanya mtu apoteze mguu au maisha. Ondoka alipo nyoka, kisha tulia. Vua viatu, pete na bangili kabla mguu au mkono haujavimba. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba kwa kukaza, wala usipoteze muda na jiwe jeusi. Mgonjwa asitembeshwe: abebwe, mguu ukiwa umetulizwa kwa kipande cha ubao, apelekwe hospitali mara moja. Usimfukuze nyoka ili umpeleke hospitali. Inatosha kumweleza daktari alivyoonekana.

Kinga huanza kabla ya kutoka nyumbani. Kesho asubuhi, kabla ya kushika jembe, tazama kwanza umevaa nini miguuni.