Kisu cha Kiunoni: Kwa Nini Nimechagua Chembamba

Nyuma ya mlango wa jikoni kwetu Mombasa pana panga. Ndilo linalokata madafu, linalopasua kuni na kufyeka nyasi baada ya masika. Nilipoanza kutafuta kisu kimoja kizuri cha kuvaa kiunoni, cha kwenda nacho kambini na kwenye mashua, sikulitia panga hilo katika hesabu. Nilitazama visu peke yake, hasa vile vinavyouzwa kwa sifa za kijeshi: bapa nene, rangi nyeusi, jina la kikosi fulani. Baada ya kuvilinganisha kwa bei, kwa chuma na kwa umbo, nilijikuta nimerudi kwenye panga lile, maana ndilo lililoamua nichague kipi.

Nilitaka kisu kisichokunjwa. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo hujaa mchanga, magamba ya samaki na chumvi. Kisu cha kipande kimoja huoshwa, hufutwa, kikarudi alani. Nikajiwekea maswali manne. Je, kitastahimili hewa ya bahari? Nitaweza kukinoa mwenyewe kwa jiwe la kawaida? Msuka wake, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, umefika wapi? Na kitanigharimu kiasi gani mpaka kinifikie mkononi? Bei nitakazotaja ni za takriban katika maduka ya Marekani, na nimehesabu dola moja kwa Sh130 za Kenya.

KA-BAR, mkongwe wa vita

Ni vigumu kupata kisu cha kijeshi chenye jina kubwa kuliko KA-BAR. Kikosi cha Marines cha Marekani kilikipitisha mwaka 1942, wakati wa vita vya Pasifiki. Bapa lake ni inchi 7, karibu sentimita 18. Kisu kizima hufika sentimita 30 na uzito wa takriban gramu 300. Ule mfereji ulio ubavuni mwa bapa watu wengi huuhusisha na damu, lakini kazi yake ni kupunguza uzito. Hata jina lake rasmi la jeshini liliunganisha mapigano na matumizi ya kila siku, na hayo ya kila siku ndiyo yaliyokuwa mengi: kufungua makopo na masanduku, kuchimba, kukata vichaka.

Bei yake ni kama dola 90, yaani Sh11,700. Chuma chake, 1095 Cro-Van, kina kaboni nyingi: huvumilia mapigo na hukubali jiwe bila ubishi. Mpini ni pete za ngozi zilizopangwa na kubanwa pamoja, na mkononi unakaa vizuri sana. Lakini ngozi hunywa jasho na maji ya bahari, na ala ya ngozi hutunza unyevu ule ule ubavuni mwa chuma kinachoshika kutu. Mtu wa bara, mwenye mafuta na kitambaa na moyo wa kuvitumia kila jioni, atakipenda. Mimi naishi mahali ambapo misumari ya mabati hubadilika rangi kabla mwaka haujaisha.

ESEE-4, mgumu kama nondo

Walioanzisha ESEE walianza kwa kufundisha watu namna ya kuishi msituni huko Amerika ya Kusini, na kisu chao kinaonyesha hivyo. ESEE-4 ina bapa la takriban sentimita 11 na unene wa milimita 4.8. Bapa na msuka ni kipande kimoja kilicho na upana wa mpini mzima, kisha vibao viwili vimefungwa kwa skrubu kila upande. Ukitaka kisu cha kuingiza kwenye ufa na kubanjua, hiki hakitakuangusha. Hugharimu karibu dola 130, yaani Sh16,900.

Sifa yake kubwa dukani ni dhamana: kikivunjika, kwa sababu yoyote ile, mtengenezaji hukubadilishia, hata kama ulikinunua kwa mtu mwingine. Ni ahadi ya kuheshimiwa. Ila mnunuzi wa Mombasa, Tanga au Zanzibar apime gharama ya kukirudisha kisu Marekani na kukipokea tena kabla ya kuilipia dhamana hiyo. Tena chuma chake ni 1095. Rangi iliyopakwa hulinda ubavu wa bapa, haifiki kwenye makali, na makali ndiyo yanayoliwa na kutu kwanza.

Kutu hiyo naijua kwa mkono wangu. Miaka iliyopita nilitumbua samaki kwa kisu cha kaboni cha duka la mtaani, nikakisahau usiku mmoja ndani ya ndoo. Asubuhi makali yalikuwa na vidoadoa vya rangi ya chungwa, na baada ya kuvisugua vikabaki vijishimo. Makali yenye vijishimo hayakati nyama ya samaki, huirarua.

Hapa kemia yafaa ijulikane kidogo. Chuma huhesabiwa kuwa kisichoshika kutu kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hujenga utando mwembamba usoni mwa chuma, na utando ukikwaruzwa hujijenga upya. Chuma cha 1095 kina karibu asilimia 0.95 ya kaboni, lakini hakina kromiamu ya kutosha kujikinga. Kwa hiyo anayeuziwa kisu cha baharini aulize jina la chuma kwanza, rangi baadaye.

Fällkniven F1, kisu cha rubani

Kampuni ya Fällkniven iko Boden, kaskazini mwa Uswidi, na tangu mwaka 1995 F1 imekuwa kisu rasmi cha kujiokolea cha marubani wa jeshi la anga la nchi hiyo. Ni kifupi: bapa la sentimita 9.7, kisu kizima sentimita 21, uzito gramu 150. Msuka unapita ndani ya mpini mzima mpaka kuchomoza nyuma. Chuma cha makali yake ni VG-10, chenye kromiamu ya asilimia 15 hivi. Katika visu vyote nilivyotaja hiki ndicho nilichokitamani zaidi, na ningekinunua kama si mambo mawili.

La kwanza ni bei: takriban dola 180, Sh23,400, kabla ya usafiri. La pili ni kunoa. Makali ya F1 yamefanyiwa mbinuko mdogo, kama tumbo la jani la mwembe, na chuma chake ni kigumu, kiasi cha 59 kwa kipimo cha Rockwell. Umbo hilo huyapa makali nguvu, lakini hudai jiwe zuri na mkono uliozoea. Kisu cha Sh23,400 ambacho mwenyewe anaogopa kukigusa kwa jiwe kitakuwa butu miezi sita baadaye, sawa na cha Sh200 cha sokoni.

Kisu cha mhunzi

Kabla ya kutuma fedha ng'ambo nilifikiria pia kazi ya nyumbani. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, na wahunzi wa miji mingi, hufua visu kutokana na springi za magari. Si chuma cha kudharauliwa: springi huwa na kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na huvumilia kupinda na kurudi, kwani ndiyo kazi iliyotengenezewa. Bei ni ya mapatano, umbo ni unalotaka wewe, na mpini hupimwa kwa kiganja chako.

Ubora wote uko katika moto na maji. Chuma kikipata moto pungufu kabla ya kuzamishwa, kitabaki laini. Kikizamishwa kisha kisipashwe tena kwa moto wa pole, kitakatika kama kigae. Nenda na tupa. Ipitishe kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekolea, ikitafuna kwa urahisi, rudisha. Fundi mwema hatakasirika. Lakini springi nayo haina kromiamu ya kutosha, na swali la bahari linabaki pale pale.

Mora Companion, chaguo langu

Mji wa Mora uko katika jimbo la Dalarna, Uswidi, na visu vimekuwa vikitengenezwa huko kiwandani tangu mwaka 1891. Companion ni kisu cha kazi: mpini wa plastiki na mpira, ala ya plastiki yenye tundu la kutolea maji chini, bapa la sentimita 10.4. Pamoja na ala hakifiki gramu 150. Bei ni kama dola 20, Sh2,600. Kuna cha kaboni na kuna kisichoshika kutu. Watu wa Pwani wahakikishe wanachukua hicho cha pili, chenye chuma cha 12C27 na kromiamu ya asilimia 13 na ushei.

Unene wa bapa ni milimita 2.5, kama nusu ya ESEE-4. Mwanzoni nilidhani huo ni udhaifu. Kisha nikakitia kwenye muhogo. Bapa nene huingia kama kabari: muhogo hupasuka kabla haujakatwa. Bapa jembamba hupita. Ni hivyo hivyo kwa minofu ya samaki, kamba ya nanga, embe, ukili na mti laini wa kuchonga.

Kunoa nako ni rahisi kuliko vyote. Makali ya Mora yana ubapa mpana unaoonekana kwa macho kila upande. Ulalishe juu ya jiwe, sukuma, geuza. Pembe imeshawekwa kiwandani na mkono hauna haja ya kuikisia. Mpwa wangu wa miaka kumi na minne alijifunza alasiri moja.

Kasoro ipo, tena si ndogo: msuka haufiki mwisho wa mpini. Ukikigonga kwa gogo kupasulia kuni, au ukikitumia kubanjua mbao, unakiomba kazi isiyo yake. Ndipo nilipolikumbuka panga. Kisu kinene cha kijeshi kimeundwa kwa ajili ya mtu ambaye huenda akabaki na kipande kimoja tu cha chuma mwilini: rubani aliyeanguka, askari aliyetenganishwa na mizigo yake. Kwa mtu huyo kisu lazima kiwe pia shoka, jembe na mtaimbo, na unene ndio malipo yake. Mimi nikienda shamba au kambini nina panga. Kazi ya kupiga na kupasua ina mwenyewe. Kiunoni nahitaji kitu cha kukata.

Hesabu ya mwisho

Bei ya F1 moja hununua Companion tisa. ESEE-4 hununua sita na chenji. Lakini tahadhari: usafiri wa kifurushi kidogo kutoka Ulaya au Marekani waweza kuzidi bei ya Companion yenyewe, na ushuru huja juu yake. Agizeni watu watatu au wanne pamoja, au mwombe ndugu anayerudi nyumbani akiweke kwenye begi la mizigo, kamwe si la mkononi, maana hakitapita ukaguzi wa uwanja wa ndege. Ndugu aliye Uingereza ajue pia kwamba sheria ya huko ya mwaka 1988 inakataza kutembea hadharani na kisu cha aina hii bila sababu ya haki. Akinunue, akifunge, akisafirishe. Hata kwetu, ala kiunoni katikati ya mji itakuletea maswali ya polisi. Kivae shambani na baharini.

Anayekaa mbali na bahari, asiye na panga karibu lakini mwenye fedha, achukue ESEE-4. Rubani, mpanda milima au mtu anayeweza kupotea peke yake achukue F1, kisha ajifunze kunoa kabla ya kusafiri. Anayependa historia na yuko tayari kuitunza ngozi, KA-BAR itamfaa maisha yake yote.

Mimi nilinunua Companion, na sehemu ya fedha iliyobaki nikanunulia jiwe la kunolea lenye nyuso mbili, moja korofi na moja laini. Kila Ijumaa jioni nalilowesha, nanoa kisu, kisha namalizia kwa panga. Majirani sasa huleta na vya kwao.