Nani Anaweza Kusoma Faili Lako?
Katika miaka ya 1960, kwenye chuo cha MIT nchini Marekani, watu walioingia kwenye CTSS, mfumo wa kompyuta uliotumiwa na wengi kwa pamoja, walikuta nywila za watumiaji wote zimeanikwa mbele yao. Hakukuwa na mdukuzi. Msimamizi mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku, mwenzake akihariri orodha ya nywila, na programu yao ikayapa mafaili yote mawili ya muda jina lile lile. Orodha ikatoka mahali pa tangazo.

Tangu hapo mifumo imekomaa, lakini wengi bado wanaamini kwamba nywila inalinda faili. Nywila inalinda akaunti tu. Kwenye seva za Unix na Linux, faili linalindwa na ruhusa za makundi matatu: mwenye faili, kikundi chake na watu wengine. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, na namba hizo hujumlishwa kwa kila kundi, kila kundi likipata tarakimu yake kwa mpangilio huo. Faili lenye 644 linaweza kusomwa na yeyote mwenye akaunti humo. Lenye 600 ni lako peke yako. Folda ikipewa 700, wengine hawapiti kabisa, hata kama mafaili yaliyomo ndani yana 644. Amri moja fupi, chmod, inatosha kubadilisha ruhusa hizi.

Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi mlango huachwa wazi tangu mwanzo. Ubuntu, kwa mfano, ilikuwa ikiacha folda binafsi ya kila mtumiaji ichunguliwe na wenzake, hadi toleo la 21.04 la mwaka 2021. Mwanafunzi aliyehifadhi humo majibu ya wagonjwa aliowahoji hakuwa na sababu ya kushuku lolote.

Hata 600 haimzuii msimamizi mkuu, maana yeye hakaguliwi na ruhusa hizo. Wala haimzuii anayeing'oa diski na kuichomeka kwenye mashine yake. Hapo dawa ni kusimba faili, kwa AES kwa mfano, kanuni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Lakini ukilisimbua kwenye seva ile ile, maandishi yako yanarudi wazi kwenye kumbukumbu ya mashine isiyo yako. Kwa hiyo lisimbe kwenye laptopu yako kabla ya kulipakia, na ufunguo uuhifadhi kwingine: ukipotea, hakuna msimamizi atakayeweza kukurudishia.